Kengele Iliyomkataa Zedekiah

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nahashon Mbuthia, Mwenyekiti wa Kamati ya Kutunza Mitambo ya Kale; mkeo Mama Mirriam, ambaye hatukuambiwa atakuja, lakini tumefurahi kumwona kuliko kama tungeambiwa; chifu wetu; wachungaji; wazee wa karakana mlioketi benchi la mbele; akina mama, vijana, na watoto mlioparamia tangi la maji, shukeni kabla hatujaendelea. Hamjambo nyote?

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu Makongeni. Karibu katika Bustani ya Karakana. Chai iko tayari, imetiwa maziwa ya kutosha, na mandazi yamepikwa na Wacuka, mwenzetu anayeuza mayai kwa trei huko kwenye majumba ya wakubwa. Huenda mmewahi kula yai lake bila kujua.

Tulipopata habari kwamba mtu mkubwa anakuja kuangalia vyuma vya zamani, hatutakuficha, neno la kwanza tulilosemezana lilikuwa, "Anataka nini?" Usituchukie. Hapa mtaani tumezoea wageni. Alikuja mmoja na kamba ya kupimia, akatusifu mno kwa usafi wetu, na alipoondoka uwanja wa watoto ulikuwa umepungua upana. Akaja wa pili kutuletea taa za barabarani. Alichimba mashimo mazuri sana, na mashimo tunayo hadi leo. Akaja wa tatu na mkebe wa rangi. Huyo tutamfikia. Hatuna haraka, nawe umekwisha kupewa kiti chenye mto.

Kwa hiyo ukituona tunakutazama usoni bila kupepesa, Mheshimiwa, hayo ni mapenzi tu. Ni mapenzi ya watu walioibiwa.

BUSTANI HII ILIKOTOKA

Hapa palikuwa na karakana ya kutengeneza mabehewa. Utakapozungushwa baada ya hotuba utaonyeshwa bomba la moshi, lile refu la matofali, ambalo kamati yako imelipaka mistari myeupe na myekundu mpaka likafanana na soksi ya mchezaji wa mpira. Utaonyeshwa boila, ambayo tumbo lake lilikula makaa ya mawe miaka yote ya ujana wetu. Utaonyeshwa tangi la maji juu ya miguu yake ya chuma, na winchi iliyoinua magurudumu ya treni kama mtu anavyoinua kikombe. Na kule mwisho, chini ya kibanda chake cha mabati, utaonyeshwa kengele.

Kuhusu kengele inabidi tukueleze kidogo, maana kibao chake kimeandikwa Kiingereza, nacho kinasema tu kwamba ni ya shaba na usiiguse.

Kengele ile ilitawala nyumba zetu kuliko waume zetu. Ikilia alfajiri, mwanamume alikuwa tayari ana mguu mmoja ndani ya gambuti. Ikilia mchana, kila mke wa karakana alikuwa anageuza ugali, na kama hujageuza basi unajua mwenyewe utakachoambiwa. Ikilia jioni, watoto waliokuwa wakicheza mbali walianza kurudi wenyewe kama kuku. Sauti yake ilikuwa na mkia. Inapiga, halafu inakaa hewani inavuma, inavuma, mpaka unaisikia kwenye meno. Kuna mtoto alizaliwa hapa akaitwa Kengele. Yupo, ni yule aliyevaa kofia, na hapendi tumtaje.

Tena kulikuwa na desturi, na hii kwenye kibao haimo. Mtu wa karakana akifariki, kabla hajapelekwa kwao kuzikwa, lori lililombeba lilisimama hapa getini, injini ikazimwa. Mwenzake wa kazi aliyekuwa mkubwa kuliko wote alichukua spana ya marehemu mwenyewe, ile aliyoishika kazini, akaigonga kengele nayo. Tunaita kugongewa. Mlio ukitoka safi na mkia wake, watu husema, "Haya, ameruhusiwa." Zamu yake imekwisha bila deni la mtu. Ndipo spana inapokabidhiwa kijana wa ukoo wake anayejifunza ufundi, na lori linawasha moto, linakwenda.

Na kama mlio ukitoka vibaya? Miaka yote ilitokea mara moja tu, kwa nyapara mmoja, siku ya mvua. Watu walinung'unika. Haukupita muda akajitokeza mwanamke kutoka Mtito Andei na watoto wanaofanana na nyapara mpaka kwenye masikio. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kubishana na kengele.

Karakana ilipofungwa, vyuma vilitaka kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Sisi tulikaa mbele ya geti na watoto mgongoni, tukasema vyuma hivi vina watu ndani yake. Kamati yako ikatusikia. Ikapanda nyasi, ikaweka mabenchi, ikaita mahali hapa bustani. Kwa hilo tunakushukuru kwa moyo wote, na hapa hatuna mzaha.

TULIYOYAFANYA SISI WENYEWE

Tumewafukuza mbuzi waliokuwa wamehamia ndani ya boila. Mmoja alizaa humo, na mwenye mbuzi alitaka tumlipe fidia ya kumsumbua mzazi.

Tumepanda maua kwenye matairi. Akina mama wazee wamepeana zamu ya kuwatembeza wanafunzi wanaoletwa na walimu wao, na hakuna mwanafunzi aliyeondoka hapa bila kujua jinsi moto unavyogeuka mvuke na mvuke unavyogeuka mkate wa watoto. Jumapili wapiga picha wanajaa. Maharusi wanatoka hadi Dandora kuja kusimama kando ya winchi, bwana harusi ameshika ndoano kama kwamba ndiye aliyeivumbua.

Pia tumelinda. Kijana akionekana na bisibisi karibu na mitambo, anapelekwa kwa mama yake akiwa ameshikwa sikio. Msumari haujatoka hapa kwa mkono wa mtu wa Makongeni. Tafadhali yaweke hayo akilini, maana tutayahitaji mbele.

MATATIZO

Choo cha bustani kimejengwa, kimepakwa rangi, kimefungwa kufuli, na ufunguo unasemekana uko mjini ofisini. Sisi tuko hapa. Hilo ni tatizo la kwanza.

Tatizo la pili ni vibao vya Kiingereza.

Tatizo la tatu lina jina, nalo ni Roseline Amolo, mwenzetu, aliyekaa pale kushoto kwako na kikapu mapajani. Yeye mwenyewe hakutaka atajwe. Tumemwambia anyamaze, leo ni siku yake.

Roseline ni mjane wa Zedekiah Amolo, aliyekuwa mchochea moto wa hiyo boila. Zedekiah alikuwa mtu mpole, mwenye mikono kama sepetu. Alikuwa akitoka kazini mweusi kwa makaa, Roseline anamzuia mlangoni na beseni la maji, anamwuliza, "Wewe nani?" Naye anajibu, "Mpangaji mpya." Kila siku ya Mungu walifanya mchezo huo, na kila siku walicheka kama wameuanza jana.

Sasa, Mheshimiwa, tumsikilize yule mtu wa mkebe wa rangi. Mwaka jana, nyasi zilipokuwa zinaota, lilikuja gari la pikapu. Dereva wake, kijana mnene mwenye miwani ya jua na mkebe wa rangi mkononi, alisema ametumwa kuichukua kengele ikang'arishwe. Tukamwuliza nani kamtuma. Akasema, "Wakubwa." Tukamwuliza wakubwa gani. Akasema, "Mama, wakubwa ni wakubwa." Wazee wetu wakasaidiana kuishusha, wakihema na kulaani migongo yao, na pikapu iliinama nyuma kama punda aliyezidiwa.

Ikarudi baada ya muda, inang'aa mpaka inaumiza macho. Vijana wawili waliipandisha kibandani kama watu wanaoanika blanketi. Tukasema, kumbe kung'arishwa kunapunguza uzito! Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, kisha tukaenda kupika.

Muda si mrefu Zedekiah akaugua kifua, akafariki.

Lori lilisimama hapa getini, injini ikazimwa. Ndugu wa marehemu walikuwa juu ya lori, na mkubwa wao, Phares, alikuwa amemleta mwanawe anayejifunza kazi ya vyuma, kijana amevaa suti, amenyoosha mikono tayari kupokea spana ya baba yake mkubwa. Mzee Naftaly, aliyechochea moto pamoja na Zedekiah tangu wakiwa na nywele, akaishika spana kwa mikono miwili. Roseline akafumba macho asubiri ule mlio na mkia wake.

Kah.

Ndivyo ilivyolia. Kah, kama sufuria iliyoanguka.

Naftaly akapiga tena. Kah. Akaitazama spana, akautazama mkono wake, akamgeukia Roseline machozi yanamlengalenga. "Shemeji, nisamehe. Mkono wangu umezeeka."

Lakini juu ya lori hakuna aliyeutazama mkono. Phares alimrudisha mwanawe nyuma. "Teremsha mikono," alimwambia. Kisha akamwinamia Roseline, akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika mpaka barabarani, "Mke wetu, ndugu yangu alifanya nini hapa?"

"Alichochea moto," Roseline akajibu.

"Hicho chuma kimemkataa. Mtu hakataliwi bure. Mwanangu hatapokea kitu chenye neno juu yake."

Lori likaondoka na Zedekiah, na spana ikabaki mikononi mwa mjane wake.

Mheshimiwa, unaijua midomo ya mtaa. Leo midomo hiyo haiko hapa, imebaki nyumbani, na hatutamtaja mwenyewe hata mmoja. Ikaanza kusema Zedekiah aliondoka na mali ya karakana. Kesho yake ikasema alikuwa na nyumba ya pili. Wiki haijaisha alikuwa ameua mtu Kisumu. Roseline akipita bombani na ndoo, mazungumzo yanakatika. Akiingia kanisani, benchi linamwachia nafasi kubwa kuliko mwili wake. Mume aliyelala naye miaka yote ile akawa mwizi akiwa kaburini, kwa ushahidi wa kengele.

Na yeye mwenyewe, hapa ndipo panapotuuma, alianza kuuliza. Usiku wa kulia ulikuwa umekwisha, sasa anafua nguo, anasimama katikati ya kufua, anajiuliza, "Zedekiah, kwani ulifanya nini?" Alipekua mifuko ya makoti yake yote. Alipata kamba ya kiatu na peremende.

JINSI ALIVYOITEMBELEA BUSTANI

Basi akawa anakuja hapa kila alasiri. Watu wengine wanakuja kuangalia mitambo. Yeye alikuja kuangaliana na kengele. Anakaa benchi lile pale, kikapu mapajani, spana ndani ya kikapu imefungwa kwenye leso, anaitazama tu, kama mtu anayemdai mwenzake jibu. Maingi, askari wa bustani, akazoea. Alidhani amechanganyikiwa kidogo, akawa anamfutia benchi.

Siku moja mvua ya rasharasha ikaanza, na upepo ukawa unaipeleka kibandani. Roseline akainuka kwenda nyumbani. Akasimama. Matone yalikuwa yanaigonga kengele ta-ta-ta-ta, na alikuwa akiijua sauti hiyo. Ilikuwa ya paa la jikoni kwake.

Akaikaribia. Akalowesha ncha ya leso kwa mate, akasugua ukingo wa kengele kama anavyosuguliwa mtoto aliyekula ugoro wa jirani.

"Mama! Mama Roseline! Usiguse!" Maingi akaja mbio, kofia mkononi. "Hiyo ni kumbukumbu!"

"Kumbukumbu ya nini, mwanangu?"

Maingi akafikiri kwa haki kabisa. "Ya kengele."

"Umesema kweli," Roseline akamwambia. "Njoo uone."

Leso ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu. Na pale alipopasugua palikuwa na rangi ya kijani, ile ya mapipa ya mafuta ya taa. Maingi aliinama akaingiza pua ndani ya kengele, akaitoa haraka. Kijana wa kioski aliyekuwa anatazama kutoka nje ya ua akaita, "Mathe, hiyo ni pipa! Mmepigwa!"

Roseline hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi palepale, mvua inamnyeshea, akacheka mpaka Maingi akaogopa. Alikuwa anasema, "Zedekiah, nisamehe. Zedekiah, nilipekua makoti yako."

Walipompelekea Mzee Naftaly habari hizo, aliruka kutoka kitandani. "Kumbe mkono wangu mzima!" Akaenda nyumba kwa nyumba akiukunja na kuukunjua mbele za watu. Lakini Phares, alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Hayo ni maneno ya mjane," alisema. "Rangi inaweza kupakwa na yeyote. Nikiisikia kengele yenyewe ikimlilia ndugu yangu, mwanangu atapokea spana. Vinginevyo, mwezi wa Desemba ukoo ukikutana nyumbani, jina lake lisitajwe kwenye maombi."

Kwa hiyo Roseline alihitaji kengele yenyewe. Na kengele yenyewe ilikuwa wapi?

Hapa Wacuka ndiye aliyefungua mdomo. Alisema katika mojawapo ya yale majumba anakopeleka mayai, chakula kikiwa tayari, watu huitwa kwa kengele, na kila ikilia yeye hushtuka bila kujua kwa nini. Roseline akamwambia, "Nipe trei moja ya kubeba."

Wakaenda. Wakapokelewa nyuma, mlango wa jikoni. Mpishi alikuwa anachagua mayai moja moja akiyainua juani, ndipo mtu upande wa mbele akaipiga.

Mheshimiwa, ni miaka mingi kengele haijamwita mwenzetu Roseline. Lakini ilipolia, mkono wake ulitoka wenyewe kwenda kugeuza ugali ambao haukuwapo. Trei ikainama, mayai yakaenda. Sauti ilikuwa na mkia. Ilikaa hewani, ikavuma, akaisikia kwenye meno. Mpishi anagombeza, Wacuka anaokota maganda, na Roseline amesimama katikati ya ute wa mayai, uso umemng'aa, anasema, "Wacuka, iko hai."

Ilikuwa nyumba ya nani? Hapo sasa hatuwezi kukusaidia. Wacuka hajui kusoma majina ya mageti, na Roseline hakuwa na miwani. Waliona tu geti jeusi lenye simba wawili wa saruji, mmoja amevunjika sikio. Simba wa saruji ni wengi Nairobi. Tunaambiwa hata kwako wapo, na hayo ni mapambo tu, hakuna aliyekatazwa.

Dereva wako alipokuja Alhamisi kuangalia pa kuegesha gari, alimsalimu Wacuka kwa jina, akamwuliza mbona siku hizi haleti mayai. Tukasema, Nairobi ni ndogo kweli.

Jua ni kali leo, Mheshimiwa. Ukitoa kitambaa ukajifuta uso, hatutadhani lingine. Maji yako hapo mbele yako.

Tena tuseme hivi, kwa sababu sisi si watu wa kuhukumu. Tumekwisha kuona mtu mwema akihukumiwa kwa mlio wa pipa. Inawezekana kabisa mwenye nyumba ile aliuziwa kengele na kijana mnene wa miwani ya jua, akaambiwa imetoka melini, akaipenda, akainunua kwa nia safi, akaitundika mahali wageni wanapoiona. Kupenda kitu kizuri si kosa. Hata sisi tuliipenda, ndiyo maana tunajua. Tunachouliza ni kwamba mtu huyo, siku akijua ilikotoka, atafanyaje.

TUNAYOOMBA

Kwanza, ufunguo wa choo.

Pili, vibao viandikwe Kiswahili, na cha kengele kiandikwe desturi ya kugongewa.

Tatu, ratiba iliyotoka kwa kamati yako inasema utafungua bustani rasmi kwa kukata utepe. Kwa bahati mbaya utepe umesahaulika nyumbani kwa Wacuka, na Wacuka amesahau alikoweka ufunguo wa nyumba. Kwa hiyo tunakuomba uifungue kwa kuipiga kengele. Utaipiga kwa spana ya Zedekiah Amolo, aliyeupa moto uhai mahali hapa. Ni nzito kidogo, ishike kwa mikono miwili. Phares, ndugu wa marehemu, amekuja. Yule pale nyuma, aliyekunja mikono, na mwanawe yuko kando yake. Wote wawili wana masikio mazuri.

Na wewe Mama Mirriam, mwanamke mwenzetu, tunakuomba utege sikio. Wewe ndiwe mgeni pekee hapa ambaye pengine anaweza kutuambia kama mlio huo anaufahamu, au kama kuna mwingine anaoufahamu zaidi.

Ikilia kah, tutapiga makofi vilevile. Hatutamwaibisha mtu aliyekuja kunywa chai yetu. Tutakuzungusha kwenye bomba la moshi, kwenye boila, kwenye winchi, tutapiga picha na wewe. Ila Phares atakuwa amesikia, mbele ya wachungaji na chifu, kilichomkataa ndugu yake ni kitu gani. Nusu ya deni la Roseline itakuwa imelipwa.

Nusu ya pili ni hii. Geti la nyuma la bustani lina kufuli bovu. Tumekubaliana hatutalitengeneza kwa sasa. Maingi ameomba ruhusa kwenda kwao Machakos kuona shamba, nasi tumempa. Vijana wetu wote watakuwa mpirani Jumamosi. Gari la pikapu likipita na kitu kizito kimefunikwa turubai, hakuna wa kuliuliza limetumwa na nani. Wakubwa ni wakubwa. Jumapili, tukitoka kanisani, tukiikuta kengele imetundikwa, tutasema imerudi kutoka kung'arishwa, na tutakuombea wewe kwa jina. Tukikuta pipa, tutaendelea kukuombea, lakini kwa sauti kubwa zaidi, na Wacuka atatuonyesha njia ya lile geti, tukaombee hapo. Tuko wengi na tunapenda kuimba.

Desemba iko karibu. Lori la kwenda nyumbani litapita hapa. Roseline anataka litakaposimama, injini izimwe, Naftaly aishike spana, na wote waliomwachia nafasi kubwa kanisani wasikie Zedekiah anavyoruhusiwa. Basi. Hataki fidia, hataki kesi. Anataka mkono wa yule kijana uwe na spana, na jina la mumewe liwe kwenye maombi.

KUKUAGA

Mheshimiwa, Mungu akulinde wewe na nyumba yako, simba wako, mpishi wako na dereva wako mwenye kumbukumbu nzuri. Akupe usingizi mzito usiosikia kitu kikivuma. Akujalie uzee mwema, na siku zamu yako itakapokwisha, asitokee mtu wa kukuuliza ulifanya nini.

Roseline, simama. Fungua leso. Mpe mgeni rasmi spana.

Akina mama, acheni kupepea, tunyamaze. Watoto wa tangini, nanyi pia.

Ni sisi,
Wajane, Wake na Wazee wa Karakana, Makongeni.
Imesomwa na Waringa, kwa niaba ya wote wenye masikio.